Aliyetangulia Kwenye Sinia

Mzee Aminieli Mmari alikuwa amegeuka unga mweupe usiojaza hata kikombe cha kahawa, na binti yake alikuwa amemshika mkononi huku akitafuta kijiko.

Binti huyo, Dakta Aikaeli Mmari, ndiye aliyeibuni Nyumba ya Nuru, ambamo maiti hugeuzwa unga kwa jua, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza anafanya nini maabara siku ya msiba wake mwenyewe. Wafanyakazi walimpa pole mlangoni, wakamwacha na kifuko cha kitambaa cheupe. Walidhani anataka kukaa na baba yake kidogo kabla ya kumpeleka nyumbani. Hawakukosea sana. Ila hawakujua kwamba kukaa naye kwenyewe ni kumchota na kumtia kwenye mashine ya kupimia madini.

Ilikuwa ahadi. Mzee akiwa kitandani, pumzi yenyewe ya kuazima, alimwita Aika karibu na kumwambia, "Huo unga utakaomletea mama yako, hakikisha ni mimi. Nawajua nyie watu wa ofisi. Msije mkamfungia sementi." Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Mke wake akamwambia anyamaze, atakufa akiropoka. Mzee akajibu kwamba kufa akiropoka ndiko kufa vizuri. Wote watatu walicheka, na Aika akaapa kwamba atahakikisha.

Kwa hiyo alikuwa anahakikisha. Hakutegemea kuona jambo lolote. Alitaka tu kuongea na baba yake mara ya mwisho kwa lugha pekee ambayo hakuwahi kuitilia shaka.

Mashine ilinguruma, ikatoa majibu. Kalsiamu, kama kawaida ya mifupa. Fosforasi. Magnesiamu. Floraidi nyingi, kwa sababu mzee alikulia kwenye maji ya bondeni na meno yake yalikuwa ya kahawia tangu utoto. Aika aliposoma floraidi ile alitabasamu huku machozi yakimtoka. "Ndiye," akasema kwa sauti. "Ndiye kabisa."

Kisha akasoma mstari wa mwisho. Lanthanamu.

Lanthanamu ni madini adimu. Mwili wa binadamu hauna kazi nayo. Huwezi kuipata kwenye ndizi wala kwenye maziwa wala kwenye pombe ya mbege, na Mzee Aminieli maisha yake yote hakutia kinywani kitu kingine cha maana. Aika akasema mashine ni chafu. Akaiosha, akapima maji matupu, ikasoma maji matupu. Akampima baba yake tena. Lanthanamu ilikuwa palepale.

Aika alikaa chini. Juu ya mlima huu mzima alimfahamu mtu mmoja tu aliyewahi kuwa na madini hayo mwilini, na mtu huyo alikuwa ameshazikwa siku nyingi.

*

Mtu huyo aliitwa Nsia. Alikuwa mtoto wa jirani, kihamba kwa kihamba na akina Mmari. Alipokuwa shule ya msingi alianguka kutoka kwenye mparachichi, mfupa wa mguu ukapondeka, na madaktari wakauziba kwa mfupa bandia uliotiwa lanthanamu ili uonekane vizuri kwenye picha za eksirei. Akapona, akawa anachechemea kidogo, akawa mwalimu wa chekechea anayependwa na watoto kupita kiasi. Kisha ukaja mwaka wa visima.

Watu wa kijiji cha Kirimeni hawapendi kuusimulia mwaka ule. Theluji ya mlima ilikuwa imekwisha zamani, na mifongo, ile mifereji ambayo mababu waliichimba kuleta maji kutoka juu, imebaki mitaro mikavu. Kila familia ikachimba kisima kifupi kihambani kwake. Lakini kihamba cha Mchaga ni shamba la migomba, ni uwanja wa nyumba na ni makaburi ya ukoo, vyote pamoja, na kwa kugawanywa kwa watoto na wajukuu kilikuwa kimebaki na ukubwa wa darasa la shule. Maji ya kisima yakawa yanapita chini ya makaburi. Wakaugua watoto kwanza, kisha watu wazima. Waliokufa wakazikwa hapohapo, karibu na kisima, na kisima kikaua wengine.

Serikali ikapiga marufuku kuzika vihambani. Ikatoa makaburi ya pamoja huko chini tambarare, kwenye jua kali na watu wasiojuana. Watu wakasema haiwezekani. Wakawa wanazika kwa siri nyuma ya mabanda ya ng'ombe.

Hapo ndipo mtu fulani huko juu serikalini akamkumbuka Dakta Mmari, mama wa kusafisha maji kwa jua.

Ujana wote wa Aika ulikwisha akitazama rangi ya buluu ikitoweka. Ndiyo kazi ya wanaosomea vichocheo vya mwanga: unatia rangi kwenye chupa ya maji, unatia unga wako, unaiweka juani, unangoja. Unga ukiwa mzuri, ubuluu unaisha kabla chai haijachemka. Kutoka kwenye rangi akahamia kwenye maji ya kuoshea kahawa, yale yaliyokuwa yakioza na kunuka mifongoni. Kutoka kwenye kahawa akahamia kwenye damu ya machinjio. Kila alipopanda ngazi alipewa cheti na kupigwa picha, na kila picha baba yake aliitundika sebuleni, hata zile ambazo Aika amefumba macho.

Siku ya mkutano wa kijiji aliwaeleza kwa maneno mepesi. Chembe ya kichocheo ikipigwa na jua, elektroni moja inaruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Tundu lile lina njaa. Linanyang'anya elektroni ya chochote kilicho karibu, na kilichonyang'anywa kinasambaratika, mpaka kinabaki maji na hewa. Kichocheo chenyewe hakipungui. Kesho yake kipo vilevile, kinangoja jua. Marehemu atalazwa kwenye sinia lililopakwa kichocheo, ndani ya maji safi, chini ya paa la kioo. Hakuna moto. Hakuna harufu.

"Na mifupa?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mifupa italainika na kuwa unga, akajibu, na unga utarudishwa nyumbani kwenye kifuko. Mtauzika kihambani kwenu, kati ya migomba, na mtapanda isale, ule mmea wetu wa majani marefu, juu yake kama ilivyo desturi.

Neno lile, nyumbani, ndilo lililobadilisha mkutano. Lakini hakuna aliyetaka mtu wake awe wa kwanza. Nsia, aliyeuawa na maji ya kisima kama wengine, alikuwa bado mochwari. Aika akaenda kwa Mama Nsia, mjane mwenye mtoto mmoja, na sasa hana hata huyo. Akapiga magoti sakafuni kwake. "Atarudi wote, mama. Nakuahidi. Atakuwa ni yeye mtupu."

Mama Nsia akakubali, na kijiji kikamfuata.

Sasa Aika alisimama mbele ya kabati ambamo Nyumba ya Nuru huweka chembe kidogo ya unga wa kila aliyepita, akaanza kuwachota mmoja mmoja. Mchungaji Kisanga. Lanthanamu. Bibi wa akina Tarimo. Lanthanamu. Wa zamani walikuwa nayo zaidi, wa karibuni kidogo, lakini hakuna aliyeikosa.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa rahisi mpaka kunatia aibu. Kila mtu wa fani yake anajua kwamba fosfeti ya mifupa hung'ang'ania juu ya kichocheo. Kwa lugha ya kazi wanaiita sumu. Aika aliipima sumu hiyo tangu mwanzo, akaona haipunguzi kasi ya masinia, akaridhika kwamba masinia ni safi. Hakuwaza kwamba aliyeng'ang'ania naye husogezwa. Ni kama benchi la kanisani siku ya Krismasi: anaingia mtu mpya upande huu, wote wanajibana, na wa mwisho kule anadondoka. Aliyedondoka anaingia kwenye kifuko cha mwingine. Na masinia yalikuwa yakioshewa kwenye bwawa moja.

Kwa hiyo kila kifuko kilichozikwa Kirimeni kilikuwa na wageni ndani yake. Na Nsia, aliyetangulia, aliyekuta masinia mapya yenye njaa, ndiye aliyeachwa humo kuliko wote. Amekuwa akitoka kidogokidogo na kila aliyemfuata.

Aika alimrudisha baba yake kwenye kifuko, akafunga kamba. Alilia kwa kelele, bila kujali nani anamsikia.

*

Mkurugenzi wa Nyumba ya Nuru, Bwana Kileo, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye sauti ya taratibu na soksi zilizoshonwashonwa na mkewe, na alipomaliza kusikiliza alivua miwani na kuifuta muda mrefu.

"Dawa yake ipo?" akauliza.

"Ipo. Kila sinia lioshwe kwa magadi ya moto baada ya kila mtu, na kila sinia liwe na maji yake. Magadi yanabandua kila kitu."

"Basi tunaanza Jumatatu. Nitatafuta magadi hata kama ni kwa kuyabeba kichwani." Akavaa miwani. "Na tunanyamaza."

"Kileo."

"Daktari, nisikilize. Ukisema leo, kesho majembe yatalia kila kihamba. Hakuna mtu atakayeleta maiti hapa tena. Watazika nyuma ya mabanda, na mvua za masika zikishuka, visima vitaanza upya. Unataka hilo?"

"Sitaki."

"Basi?"

"Kuna watu wanaongea na hivyo vifuko kila asubuhi. Nami ndiye niliyewaambia wanaongea na nani."

"Na wanapata majibu? Hawapati. Wanapata amani. Waachie amani yao."

Aika alitazama nje ya dirisha, kwenye paa za kioo zilizokuwa zikimetameta. "Mapacha wako wamelala wapi, Kileo?"

Lilikuwa swali la kikatili na alilijua. Bwana Kileo alizika watoto wawili mwaka wa visima, kabla ya Nyumba hii kujengwa.

"Wako nyumbani," akasema. "Chini ya mgomba wa tatu kutoka jikoni. Wote wawili."

"Unajua walipo."

"Najua walipo. Na mtoto wa jirani yangu alikunywa maji yaliyopita chini yao, akafa." Sauti yake ilikuwa bado ya taratibu, ila ilikuwa imepasuka mahali. "Kwa hiyo usinifundishe thamani ya kujua mtu wako amelala wapi. Naijua. Nimeilipia, na jirani ameilipia zaidi. Ningepewa kifuko chenye unga wa watu kumi nikadanganywa ni wanangu, na yule mtoto akawa hai, ningekipokea kwa mikono miwili."

Lililomuumiza Aika zaidi siku ile ni kwamba Kileo alikuwa anasema kweli.

"Nenda kazike," Kileo akasema. "Baba yako amekufa. Mengine tutaongea ukitulia."

*

Nyumbani wanawake walikuwa wanamenya ndizi uani, lundo kwa lundo, na wimbo wa msiba ukipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Aika alimwomba mama yake waende nyuma ya jiko. Akampa kifuko, kisha akamweleza yote, kwa sababu hakujua namna ya kumpa nusu.

Mama alikipima kifuko kwa viganja. "Kwa hiyo huyu siye baba yako."

"Ndiye, mama. Sehemu kubwa ni yeye. Lakini humo kuna na wengine."

"Wengi?"

"Waliopita kabla yake. Kidogokidogo."

Mama akasema, "Baba yako hakuwahi kulala vizuri nyumba ikikosa wageni," na akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akajifunika uso kwa khanga na kuegemea ukuta. Aika alimshika mpaka kikapita.

Kutoka upande wa pili wa ua walimsikia Mama Nsia akipita kwenye migomba yake. Tangu mwaka ule hajaacha. Asubuhi kabla hajawasha moto huenda kwenye isale la mwanawe na kusema, kwa sauti ya kawaida kama anayegonga mlango wa chumba, "Umeamkaje, mwanangu?" Kisha humpa habari za mtaa. Mgomba uliokuwa karibu na isale lile ulikuwa na mikungu mikubwa, naye hauzi hata ndizi moja ya pale. Huwagawia watoto wa chekechea.

"Anajua?" Mama akauliza, akijipangusa.

"Hajui."

"Utamwambia?"

"Kileo anasema tukinyamaza..."

"Sijakuuliza Kileo anasemaje."

Aika alitazama chini. "Nikimwambia, nampotezea mtoto mara ya pili. Na nikimwambia yeye, haitaishia kwake. Watu watarudi kuzika. Watoto watakunywa."

"Na usipomwambia?"

"Ataendelea kusalimia. Nami nitakuwa namsikia kila asubuhi nikija kukuona."

Mama hakusema fanya hivi wala vile. Alikwenda kwenye ua wa masale unaotenga vihamba viwili, akachagua jani refu lisilo na doa, akalikata, akalifunga fundo katikati kama alivyofundishwa na mama yake. Kila Mchaga anajua maana ya jani lile. Ukiwa umemkosea mtu, hata umemwaga damu yake, ukimpelekea isale lililofungwa amekwishakusamehe. Hana njia nyingine. Kukataa isale ni kujitoa katika watu.

"Nenda na hili," akasema. "Hakuna anayelikataa."

Aika alilipokea. Akapita kwenye mfongo mkavu, kwenye njia ileile aliyopita siku alipokwenda kuomba mwili wa Nsia, akafika mpaka mlangoni mwa Mama Nsia, na hapo akasimama. Aliliangalia lile jani. Mara ya kwanza alikuja mlango huu akiwa na ahadi ambayo mama aliyefiwa asingeweza kuikataa. Leo anakuja na jani ambalo nalo haliwezi kukatalika. Je, huyu mama ataulizwa lini jambo akiwa na ruhusa ya kusema hapana?

Akalichomeka isale kwenye ua, akaingia mikono mitupu.

*

Mama Nsia alikuwa anasaga ulezi, kwa sababu hata yeye alikuwa anaandaa pombe ya msiba wa jirani. Alipomwona Aika aliacha akajipangusa mikono. "Pole, mwanangu. Baba alikuwa mtu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula, mama." Hakuwa amekula. "Mama, nina neno kuhusu Nsia."

Alimweleza akiwa amesimama. Hakutumia neno sumu. Alimweleza mguu uliovunjika na madini yaliyotiwa ndani yake, na namna alivyoyakuta kwenye unga wa baba yake, kisha kwa Mchungaji, kisha kwa kila mtu. Mama Nsia alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa jiwe la kusagia. Kuku waliingia na kuanza kudonoa ulezi na hakuwafukuza.

"Kwa hiyo yuko kwa Mchungaji Kisanga," akasema hatimaye.

"Kidogo. Ndiyo."

"Na kwa akina Tarimo."

"Ndiyo."

"Na kwenu."

"Yumo kwenye kifuko cha baba. Tunakizika kesho."

"Na hapa?" Akaelekeza kidole nje, kwenye mgomba wenye mkungu. "Pale ninaposimama kila siku. Hayupo?"

"Yupo, mama. Yupo kabisa. Nusu yake. Labda zaidi ya nusu."

Mama Nsia alimtazama. "Nusu ipi?"

Aika alifungua kinywa.

"Nakuuliza, Aika. Wewe ndiye msomi. Nusu ipi iliyo pale? Ule mguu nilioukanda kwa mafuta mwaka mzima, uko kwangu au uko kwa Mchungaji? Mikono yake? Kile kichwa nilichokisuka?"

"Sijui, mama. Haiwezekani kujua."

"Uliniambia atarudi wote."

"Niliamini hivyo."

"Ulipiga magoti pale ulipo, ukasema ni yeye mtupu."

"Nilisema."

Aika alikuwa analia, na alijichukia kwa kulia mbele ya mtu mwenye haki zaidi ya kulia kuliko yeye. Mama Nsia hakulia. Alitazama mikono ya Aika, moja, kisha nyingine, kama mtu anayetafuta kitu kilichopaswa kuwapo.

"Isale liko wapi?"

"Sikuleta."

"Mama yako hakukupa?"

"Alinipa. Nimeliacha kwenye ua."

"Kwa nini?"

"Ili uweze kukataa."

Mama Nsia alitikisa kichwa polepole, akageuza uso ukutani. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi nakataa. Toka kwangu."

Aika akatoka. Alipopita kwenye ua aliliona jani bado limechomekwa, bichi, na hakuligusa.

*

Walimzika Mzee Aminieli asubuhi, kati ya migomba, shimo la kina cha mkono, likielekea mlimani. Watu walijaa mpaka njiani. Bwana Kileo alikuwepo na suti yake nyeusi, akamtupia Aika jicho la kuuliza, na Aika akaangalia pembeni. Karibu na jiko mtoto mmoja wa ndugu zao alichota maji ya kisima kwa kata, akanywa mpaka akashusha pumzi, akajipangusa kidevu. Aika alimwangalia mtoto yule mpaka akaondoka.

Mama aliinama na kukiweka kifuko shimoni. "Haya, baba Aika," akasema. "Umefika. Na wageni wako wote karibuni." Watu walidhani ni uchungu unaomfanya aseme ovyo. Wakafukia, wakapanda isale, wakaanza wimbo.

Wimbo haujaisha, umati ukapasuka upande wa ua. Mama Nsia alikuwa anakuja, amevaa nguo yake ya kanisani na viatu vya kufunga. Alimpita Aika bila kumtazama wala kumsalimia, wakakaribia kugusana mabega. Akafika kwenye udongo mbichi, akapiga magoti kwa shida, magoti yenyewe ya kizee, akaweka kiganja juu.

"Umeamkaje, mwanangu?" akasema.

Wimbo ukakatika. Mama Nsia akangoja kidogo, kama anavyongoja kwake kila siku. Kisha akapigapiga udongo. "Na wewe, baba Aika, asante kwa kunikalia na mtoto."

Akainuka, akakung'uta magoti, akageuka kumtafuta mtu katika umati. "Mama Tarimo, naomba ruhusa nipite kihambani kwako."

"Karibu sana, mwenzangu," Mama Tarimo akasema, amechanganyikiwa. "Kuna nini kwangu?"

"Namsalimia Nsia. Na nikitoka kwako nakwenda kwa Mchungaji, kisha kwa akina Massawe. Sitasumbua mtu, nitasalimia tu na kupita."

Watu walitazamana. Mnong'ono ulianza nyuma ukaja mbele. Mama Tarimo alimtazama Mama Nsia, akautazama udongo mbichi, kisha akamgeukia Aika, na mmoja baada ya mwingine wote wakamgeukia Aika. Bwana Kileo alitikisa kichwa, taratibu, mara moja tu. Macho yake yalikuwa yanaomba.

Aika aliwaza kisima, na yule mtoto na kata yake. Aliwaza mapacha chini ya mgomba wa tatu. Akavua kitambaa cha msiba kichwani, akakikunja, akasogea mbele mpaka akasimama kando ya kaburi la baba yake.

"Kabla ya yote, nawaomba msifukue kitu wala msizike maiti vihambani, mpaka mnisikie hadi mwisho," akasema. "Na nikimaliza, mna ruhusa ya kunikataa."

Mama Nsia hakubaki kusikiliza. Alikuwa ameshaingia kwenye njia ya mfongo, anachechemea kidogo kwa viatu vile, kwani vihamba ni vingi na jua lilikuwa limeshapanda.